Plagi Juu, Mheshimiwa Anapita

Nasimulia haya nikiwa ndani ya gari ambalo, kwa mujibu wa redio ya taifa, halipo hapa. Mimi mwenyewe pia sipo. Niko juu ya Kilima Upara nimevishwa nishani. Msinielewe vibaya, sibishani na redio, sijawahi. Nawaeleza tu nilivyofika mahali ambapo sipo.

Naitwa Machano. Ni dereva wa Mheshimiwa Kibindo, Waziri wa Nyota na Barabara. Zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa ilipogundulika kwamba kwa barabara zetu zilivyo, ni rahisi zaidi kumfikisha mwananchi mwezini kuliko kumfikisha wilayani, na Baraza likaona heri yote mawili yashikwe na mtu mmoja mwenye maono.

Gari langu ni la umeme, la pekee nchini. Halitoi moshi wala kelele. Ndani mna kila kitu, hata soketi kwenye buti ya kuchomekea birika la Mheshimiwa, maana Mheshimiwa hakai muda bila chai ya tangawizi. Lina kasoro moja, nayo si yake, ni ya nchi. Likiwekwa kwenye chaji, mji mzima taa zinafifia, na chaji haiingii mpaka kila mtu azime vyake.

Mwanzoni watu walizimiwa kwa lazima, wakanung'unika. Ndipo Bwana Pazia, Katibu wa Shangwe wa wizara yetu, akaja na akili yake. Akasema, "Wananchi wasizimiwe. Wazime wenyewe, kwa mapenzi." Ikawa ndiyo desturi: gari likikaribia mji, umeme wote unakatwa kutoka makao makuu, isipokuwa wa kuchajia gari likihitaji, na kila raia anachomoa plagi ya chombo anachokipenda kuliko vyote, anajipanga barabarani na kuiinua juu. Heshima ya Kuzima, ndivyo inavyoitwa. Watoto wa shule wana wimbo wake. Mji ukizima vizuri unapewa kikombe.

Na umeme haurudi hivi hivi, la. Unarudi diwani akishaandika taarifa ya kuondoka kwa gari, ikapokelewa makao makuu, ikasomwa, ikapitishwa. Kuna miji tulipita kabla ya mvua, mpaka leo bado inatuheshimu.

*

Safari hii ilikuwa ya kwenda kuwasha roketi. Inaitwa Tumefika, na imesimamishwa juu ya Kilima Upara, nje kidogo ya mji wa Mwisho wa Lami, kule barabara inakokata tamaa. Mtambo wa kuiwashia haukununuliwa, kwa kuwa kamati ya kuuchagua bado iko ng'ambo inauchagua. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba roketi iwashwe kwa chaji ya gari letu. Tufike pale na nusu ya betri au zaidi, tuchomeke waya, roketi iende zake. Mheshimiwa alilieleza taifa kwamba huo si upungufu, ni falsafa.

"Ardhi," alisema redioni, "itaipa anga mkono."

Watu walilia. Na mimi nililia, sikatai. Nani asiyependa kufika nyota?

Asubuhi ya kuondoka, nikiwa nafuta vioo, simu ikalia. Alikuwa Sista Siwema, muuguzi wa zahanati ya Mwisho wa Lami. Mwanangu Riziki ameolewa huko, na mumewe alikuwa kilimani na wanaume wenzake, walikopelekwa kusukuma roketi.

"Baba, hongera. Riziki kajifungua."

"Kajifungua? Si miezi saba tu?"

"Ndiyo hiyo miezi saba, baba. Mtoto mdogo, lakini anapigana. Mama yake kamweka kifuani, joto analo. Shida ni pumzi. Tumemwekea mashine ya oksijeni."

"Alhamdulillahi. Na hiyo mashine inatumia nini?"

"Umeme, baba. Itatumia nini tena?"

"Na zile paneli zenu za sola?"

"Zilichukuliwa kwenda kupamba roketi."

Nilibaki nimesimama na kitambaa mkononi. Mimi ndiye dereva. Mimi ndiye ninayekwenda na giza, kila ninapoegesha watu wanazima. Na safari hii nilikuwa nalipeleka giza lenyewe moja kwa moja kwenye pua ya mjukuu wangu.

*

Nikamwendea Bwana Pazia. Nikamwambia, Bwana Pazia, mambo yako hivi na hivi, naomba zahanati ya Mwisho wa Lami isizimwe, ile moja tu.

Akanikumbatia. "Hongera sana, Mzee Machano! Umekuwa babu!" Kisha akashusha sauti, kwa upole kabisa. "Lakini zahanati ndiyo inayotakiwa kuwa ya kwanza kuzima. Zahanati ikizima, nani mwingine atabaki na sababu?"

Nikajikaza, nikamwendea Mheshimiwa mwenyewe, tayari kaketi nyuma na kofia ya mwanaanga mapajani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu ya kusikiliza, hilo sitamnyima.

"Mzee wangu," akasema, "huyo mtoto ana bahati. Wangapi duniani wamezaliwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye roketi? Mimi nilizaliwa karibu na kinu cha kusaga. Mwambie avumilie kidogo tu. Sayansi inamjia."

Mwenye nguvu mpishe. Lakini nilipowasha gari, akili ilianza kuzunguka. Gari linatakiwa kufika kilimani na nusu. Nikijaza betri mjini Chekecha, ambao ndio wa mwisho wenye chaji kabla ya Mwisho wa Lami, kisha nikaendesha kwa ubahili, nitaingia Mwisho wa Lami nikiwa na zaidi ya nusu. Sitahitaji kuchaji. Wasipohitaji kuchaji, hawatahitaji kuzima. Ilikuwa hesabu nyepesi, na niliishikilia kwa mikono miwili.

*

Tukapita kijiji cha Kwa Mashaka. Huko umeme haujawahi kufika, wala nguzo haijawahi kuonekana. Lakini wangekosaje heshima? Wizara ilikuwa imewagawia plagi, bila waya, nao wakajipanga barabarani wameziinua vizuri kuliko wenye umeme. Mheshimiwa akaguswa, akashusha kioo. Mama mmoja akasogea, kaishika yake kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, ahsante sana kwa hizi. Sasa tuzichomeke wapi?"

"Moyoni, mama," akasema Mheshimiwa. "Chomekeni moyoni."

Bwana Pazia akanong'ona kwamba hilo lazima lichapishwe kwenye fulana.

Chekecha tulikuta giza safi kabisa. Mlangoni mwa kinyozi, mteja kasimama nusu ya kichwa kanyolewa na nusu bado, na kinyozi pembeni yake kainua plagi ya mashine. Muuza samaki kainua ya friji, na maji yanachuruzika kutoka kibandani mpaka barabarani. Diwani wao akatoa ripoti, kifua mbele.

"Mji umezima, Mheshimiwa!"

"Wote?"

"Wote, Mheshimiwa. Hata wajawazito."

Nilijaza betri mpaka ikakataa. Siku nyingine nisingewatazama wale watu machoni. Siku ile niliwatazama, kila mmoja, na nikawaomba radhi kimoyomoyo.

*

Kutoka Chekecha niliendesha kama nimebeba mayai. Kwanza nikazima kiyoyozi.

"Dereva, mbona joto?"

"Mheshimiwa, wanaanga ndivyo wanavyofanya mazoezi. Roketini joto ni kali mno."

"Eti?" Akajipangusa jasho. "Kumbe. Hata silisikii. Funga na madirisha kabisa."

Tukaenda hivyo, Waziri wa Nyota na Barabara anachuruzika kama kibanda cha samaki cha Chekecha, uso umejaa fahari. Bwana Pazia alikuwa anahema kwa kinywa, lakini hakuthubutu kushindwa na mkubwa wake.

Saa ya chai ilipofika, nikasema birika limepata hitilafu. Nilikuwa nimelikalia.

"Angani watu wanakunywa baridi, Mheshimiwa."

"Baridi, naam," akasema, akameza mate.

Kwenye miteremko niliachia mguu, gari likajichaji lenyewe kidogo kidogo, na kila tarakimu iliyorudi niliishukuru kwa jina la mtoto ambaye bado hana jina. Kwenye kijiji kimoja nikashusha masanduku ya picha za Mheshimiwa, nikisema wananchi wamezililia. Gari likawa jepesi. Tulipofika njia panda ya mwisho, dashibodi ilionyesha sitini na nne.

Sitini na nne! Nilitaka kupiga vigelegele, mwanaume mzima. Nikamgeukia Bwana Pazia.

"Bwana Pazia, hatuhitaji chaji. Tunayo, na inabaki. Wapigie simu Mwisho wa Lami wasizime."

Akanitazama kama mtu niliyemtukania mama yake.

"Wasizime? Mheshimiwa apite kwenye mji unaowaka? Watu watasema nini, kwamba hawampendi?"

"Lakini chaji ipo!"

"Mzee Machano, chaji ni jambo la gari. Kuzima ni jambo la heshima. Usivichanganye." Kisha akanipiga begani, kuniliwaza. "Na hata hivyo umechelewa. Wamezima tangu tulipoondoka asubuhi. Niliwaambia wafanye mazoezi."

*

Nilikuwa nimeokoa kila tone la chaji. Bure. Niliuma usukani, kweli niliuma, alama za meno zipo hapa mpaka sasa.

Tukaingia Mwisho wa Lami. Juu ya barabara wametundika kitambaa kirefu kilichoandikwa MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Watu pande zote mbili, plagi juu, ngoma, vigelegele. Na katikati ya mstari, mbele ya zahanati, Sista Siwema kavaa sare yake nyeupe, kainua plagi kama wenzake, lakini hakucheka. Aliponiona akauvunja mstari, akalikimbilia gari, akaanza kugonga kioo kwa ile plagi.

"Baba! Betri ya akiba ya mashine inakata! Baba!"

"Tazameni," akasema Mheshimiwa, macho yamemlowa. "Tazameni mapenzi ya watu kwa anga."

Akashuka kwenda jukwaani kusikiliza hotuba ya diwani, Bwana Pazia nyuma yake. Mimi sikushuka. Nilirudisha gari nyuma, nikavunja ua wa zahanati, nikalitia kisogo dirishani mwa wodi. Ndani nilimwona Riziki kitandani, kanga imefungwa kifuani, na kwenye ile kanga kichwa kidogo, midomo imebadilika rangi. Hakusema salamu. Alisema neno moja.

"Baba."

Nikafungua buti. Soketi ya birika ikanitazama. Sista akapitisha waya dirishani, nikachomeka.

Mashine ikaanza kuunguruma. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, na nimesikiliza wimbo wa taifa miaka yangu yote. Tukamtazama mtoto. Tukamtazama. Mpaka ile midomo ikarudi kuwa midomo ya mtu, Riziki akaanza kulia kwa sauti, na Sista naye, na mimi nikaegemea buti nikalia na wao.

*

Mheshimiwa alinikuta hapo.

"Dereva, twende. Roketi inasubiri."

"Mheshimiwa, aliyechomekwa hapo ni mjukuu wangu. Naomba mji uwashwe kwanza, nimhamishie kwenye umeme wa ukutani, kisha twende."

Akamtazama Bwana Pazia. Bwana Pazia akasikitika kwa niaba ya sheria.

"Mji hauwezi kuwashwa gari likiwa ndani ya mji. Litoke kwanza."

"Likitoka, umeme utarudi muda gani?"

"Mara tu taarifa ya kuondoka itakapopitishwa."

"Na inapitishwa muda gani?"

"Inategemea," akasema. "Ya mwezi uliopita bado iko mezani."

Basi nikaingia ndani ya gari, nikafunga milango. Niliogopa, jamani. Mikono ilinitetemeka hata kufuli ikanishinda mara ya kwanza. Askari wawili wakaitwa. Mmoja akaunyooshea waya mkono, kisha akaona kibandiko kilicho juu ya soketi, alichokiandika Bwana Pazia mwenyewe: MARUFUKU ASIYE DEREVA KUGUSA. Akaurudisha mkono mfukoni. Kwa hiyo wakawa wanagonga kioo kwa virungu, na kuniomba kwa heshima niende nikachomoe mwenyewe.

"Mzee, chomoa. Tunakuomba."

"Sichomoi."

"Taifa zima linasubiri, mzee."

"Lisubiri. Huyu hawezi."

Mheshimiwa alinisihi kupitia kioo kwa hotuba ndefu yenye nyota nyingi ndani yake. Akaniuliza kama nataka historia inikumbuke kwa mtoto mmoja. Nikamwambia ndiyo. Mwishowe akavaa kofia yake ya mwanaanga, akapandishwa kwenye trekta lililovuta roketi, akaenda kilimani bila chaji.

*

Jioni ile redio ikatangaza. Tuliisikia sote, mimi ndani ya gari na askari nje, sikio kwenye kioo. Ikasema gari la taifa limewasili Kilima Upara likishangiliwa. Ikasema dereva shupavu Machano amechomeka waya kwa mkono usiotetemeka, na amevishwa nishani. Ikasema Tumefika imeruka, imepasua mawingu, na kwa sasa inafika.

Nikainua macho. Kutoka hapa kilima kinaonekana vizuri. Roketi imesimama pale pale, paneli za sola za zahanati zinameremeta ubavuni, na kunguru katua kwenye ncha. Lakini mimi ni nani?

Askari wakatazamana.

"Huyu yuko kilimani," akasema mmoja.

"Ndiyo. Kavishwa nishani."

"Sasa tunamkamata nani?"

Wakarudisha virungu vyao viunoni. Yule mdogo akaniinamia dirishani. "Hongera, mzee," akasema, na nadhani alimaanisha. Wakaondoka.

Nilifurahi mpaka redio iliposoma habari ya mwisho: kwa kuwa gari limeondoka, umeme umerejeshwa Mwisho wa Lami. Sista akakimbia kubonyeza swichi ukutani. Kimya. Akabonyeza tena na tena, kisha akatoka mbio kwenda kwa diwani, akarudi naye. Diwani alisimama mbele ya gari, kajishika kichwa.

"Mzee, nifanye nini mimi? Niandike limeondoka, wakati nalipita kila nikienda msikitini? Kesho wakija kukagua? Niandike lipo, wakati redio imesema limekwenda? Nina watoto."

"Waambie basi mji uko gizani."

"Nikawaambie? Wakati redio imesema umeme umerudi?" Akatazama nyuma yake. "Mzee, hapa hakuna giza. Na wewe usiliseme."

Tangu hapo hajaandika lolote. Na kisichoandikwa hakipitishwi.

*

Sasa zimepita siku. Sista alikuja siku ya kwanza, kainamisha macho.

"Baba, naona aibu. Kuna friji ya chanjo, zitaharibika."

"Chomeka."

"Na kuna bibi wa pumu, ana kile kimashine chake."

"Chomeka."

"Na yule mama wa upande wa pili, mapacha..."

"Sista, usiniulize. Chomeka."

Waya zimetoka dirishani mpaka kwenye buti, tele. Watu wa mji wananipitia na uji, wanaweka bakuli dirishani bila kunisalimia, maana utamsalimiaje mtu asiyekuwepo? Kinyozi mmoja alikuja na plagi yake, akaitazama ile foleni ya waya, akaitia plagi mfukoni akarudi. Mungu ambariki. Betri yenyewe, kama vitu vyetu vingi, ilikuja nchini ikiwa imeshachoka kwingine. Sitini na nne ilikuwa hamsini kabla sijaizoea, kisha thelathini. Taa nyekundu imewaka tangu asubuhi. Nimeifunika dashibodi kwa kofia yangu ya kazi, ile yenye nyota.

Nimekuwa nikijiuliza jinsi redio inavyoweza kutangaza vile. Nilidhani wale ni watu wasio na haya. Nilidhani kuna chuo wanachofundishwa.

Mchana huu Riziki alisogea dirishani, mtoto kifuani, macho yamezama kwa kukosa usingizi. Hajalala tangu nifike, anazihesabu pumzi. Mtoto amenenepa kidogo mashavuni. Kesho ni siku yake ya saba, tutampa jina.

"Baba," akasema, "imebaki ngapi?"

Nikaibonyeza kofia chini kwa kiganja.

"Imejaa, mwanangu."

"Kweli, baba?"

"Imejaa kabisa. Lala."

Akanitazama, akacheka kidogo, kisha akaegemeza kichwa kwenye nondo za dirisha na usingizi ukamchukua hapo hapo.